Maswali Yaliyoacha Kuja

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na Mhariri. Kasema mtu anayetaka vidole vyake vizoee maneno aandike kila siku, hata kama hana la kusema zaidi ya kwamba mvua imenyesha. Haya, mvua imenyesha. Imetukuta njiani, Chiriku yuko mgongoni, tukafika kwa mshonaji tumelowa chapachapa. Mshonaji huwa ananishikia mtoto. Kamkausha kwa kitambaa cha mteja, akaniomba nisimwambie mteja.

Leo ni siku yangu ya kwanza kazini. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Tunatengeneza masomo ya sayansi ya anga kwa shule ishirini. Mhariri anamhoji mtaalamu, Fundi wa Sauti anarekodi, mimi nasikiliza na kuchapa kila neno, Mhariri anapunguza kwa kalamu nyekundu, na Ijumaa karatasi zinapelekwa shuleni. Darasani mwanafunzi mmoja anasoma maneno ya mtaalamu na mwingine anasoma ya mwulizaji, kama mchezo wa kuigiza. Wakimaliza, kila mmoja anaandika swali lake. Maswali yanarudi kwetu kwenye bahasha kubwa, na wataalamu wanaofuata wanayajibu. Mhariri anasema bahasha ndiyo mtihani wetu. Watoto wakiuliza, tumefundisha.

Mimi niliishia kidato cha pili, na Mhariri anajua. Wiki iliyopita alinipa kurasa mbili nichape, nikachapa kwa vidole viwili, akakuta makosa manne. Akasema wa chuo aliyekuja kabla yangu alikuwa na kumi na tisa. Fundi kashanibatiza Vidole Viwili.

Nipo kwenye majaribio muhula mzima, mpaka shule zifungwe mwishoni mwa Mei. Nikifanya vizuri nitapewa barua ya ajira yenye muhuri. Barua hiyo ndiyo roho yangu. Baba yake Chiriku alifariki mwaka jana, na ukoo wake ulikaa ukaamua kwamba shule zikifungwa, kama sina kazi inayoeleweka, mtoto atakwenda kulelewa na shangazi yake. Huyo ni wifi yangu. Anakaa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, ana nyumba nzuri na duka la dawa, na hana mtoto. Alipoyasema hayo hakunitazama usoni.

Chiriku ana miaka minne. Halali mpaka awe ameshika sikio langu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemsikiliza mtaalamu wangu wa kwanza. Ni mama wa makamo anayechunguza mawe yanayoanguka kutoka angani. Fundi anamwita Mama wa Vimondo, na mwenyewe amelipenda jina. Ana sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Kumbe kuna jiwe ofisini kwake lenye umri mkubwa kuliko dunia. Nikasimamisha rekoda nikakaa kidogo. Kuliko dunia.

Mhariri kaniagiza nitoe takataka zote, watoto wasome maneno safi. Takataka ni zile aa, mm, yaani, unajua, na kukohoa. Nimezitoa.

Nimetoa na nyingine. Mhariri alimwuliza maji yote haya ya duniani yalitoka wapi. Mama akanyamaza, kisha akasema kwa kweli sijui, wapo wenzetu wanaodhani mengi yaliletwa na vimondo, lakini hatuna hakika. Mtu mzima, kasoma mpaka pale kusoma kunapokwisha, halafu watoto wa darasa la sita wamsikie akisema sijui? Niliona haya kwa niaba yake, kama unapomwona mkweo kaacha kifungo wazi. Unaangalia pembeni na humwambii mtu. Nikaandika: "Maji yaliletwa na vimondo."

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri kasoma kazi yangu akatikisa kichwa kwa furaha. "Safi. Inateleza." Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda. Nimekisogeza kitanda.

Ijumaa, 14 Machi

Bahasha ya kwanza imekuja. Ni maswali ya lile somo la mwanzo, alilolichapa Mhariri mwenyewe kabla sijaja. Mia moja na kumi na mawili. Tumeyasoma watatu, tumekaa sakafuni. Mtoto mmoja anauliza kama angani kuna harufu. Mwingine anauliza nani alipewa kazi ya kuhesabu nyota na kama alimaliza. Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi. Mhariri alikuwa anayapanga mafungu mafungu kama mama anayekunja nguo za watoto wake. Sikuwahi kumwona hivyo. Kumbe ukali wake ni haraka tu.

Jumatano, 19 Machi

Mtaalamu wa leo ni wa sayari ya Zohali. Fundi anamwita Bwana Pete, kwa sababu ya zile pete zinazoizunguka. Anasema labda. Kila sentensi labda. Pete labda ni changa, labda ni kongwe, watu wanabishana. Nimehesabu labda kumi na sita. Nimezifuta zote, na nikachagua changa, maana aliisema kwa sauti kubwa zaidi.

Ijumaa, 21 Machi

Bahasha: maswali themanini. Mhariri kasema ni mvua, watoto wengine hawakufika shule. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza.

Ijumaa, 28 Machi

Hamsini na moja. Mvua haijapumzika. Kitanda nimekirudisha kilipokuwa, sasa panavuja kule.

Jumanne, 1 Aprili

Chiriku anakohoa. Mshonaji kampa maji ya uvuguvugu yenye asali. Nimemwuliza Chiriku kifua kinauma? Kasema hakiumi, kinaongea.

Ijumaa, 4 Aprili

Thelathini na matatu. Mhariri hakukaa sakafuni. Aliyasoma akiwa amesimama dirishani, kisha akasema wafadhili watakuja Juni, na kitu cha kwanza watakachoomba ni bahasha. Fundi akatania kwamba tuandike wenyewe maswali kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nikawaza labda watoto hawaelewi. Labda bado kuna takataka zimebaki. Wiki ijayo nitasafisha zaidi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimesafisha mpaka usiku wa jicho, yaani macho yanaona giza saa nane mchana. Mahojiano ya pili ya Mama wa Vimondo, kuhusu mwezi. Anasema wengi wanaamini mwezi ulitokana na dunia kugongwa na kitu kikubwa ilipokuwa changa. Wengi wanaamini, nimeondoa. Inaonekana kwamba, nimeondoa. Kuna mambo hayajakaa sawa katika hadithi hii, nimeondoa yote na maelezo yake. Imebaki: mwezi ulitokana na dunia kugongwa. Nukta. Mtoto hata akiwa na usingizi ataelewa.

Jumapili, 13 Aprili

Wifi kaja bila kusema. Nimesikia hodi, nafungua, yuko mlangoni na mwavuli na mfuko. Nilikuwa nimetega beseni katikati ya chumba. Nikalisukuma kwa mguu chini ya kitanda huku namkaribisha.

Kakaa kwenye kiti, Chiriku kampandia magotini, wakacheza na kufuli la mkoba. Aliniuliza kazi, nikamwambia kazi nzuri mno, wananisifu. Kaniuliza kikohozi cha mtoto, nikasema ni michezo tu ya kukimbia kwenye baridi, kimeshapona. Mtoto akakohoa. Kaniuliza kama nyumba haivuji. Nikasema haivuji. Tone likaanguka kwenye beseni chini ya kitanda, likalia ting. Chiriku akasema, "Shangazi, kuna kengele."

Wifi alitazama dari, akanitazama mimi, akatoa chupa ya dawa ya kikohozi na kijiko. Mlangoni akauliza, "Kuna tatizo lolote?"

"Hakuna, wifi. Tuko salama kabisa."

"Kama kawaida," akasema, akafungua mwavuli.

Lile kama kawaida lake bado nalisikia mpaka sasa. Ananidharau. Anasubiri nianguke aokote.

Ijumaa, 18 Aprili

Kumi na mawili.

Jumanne, 22 Aprili

Siandiki vizuri leo. Nimeota shule zimefungwa na mimi bado natafuta viatu vya Chiriku, kimoja nakiona, kingine hakipo, na basi linapiga honi.

Ijumaa, 25 Aprili

Bahasha imekuja nyepesi, nikadhani wamesahau kuweka. Maswali saba. Manne yanauliza jambo moja: je, hili litakuja kwenye mtihani?

Mhariri kazigawa karatasi saba juu ya meza, kila moja peke yake, kama anayetafuta karata ya ushindi. Kaniuliza mimi, wa kidato cha pili, nadhani tatizo ni nini. Nikamwambia labda anga ni mbali. Akasema anga ilikuwa mbali vilevile mwezi wa tatu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua kutwa. Nimesuka nywele za Chiriku. Anataka kujua kama mawe ya angani yana mama.

Ijumaa, 9 Mei

Matano.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika hiki nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi, maana ndani sijui nimtazame nani. Niandike taratibu, toka mwanzo.

Asubuhi Mhariri kaniita mezani. Kasema hata mradi ukiyumba, mimi sina kosa, kazi yangu ni safi kuliko ya wote waliopita, na anataka wafadhili wakija wanikute nimeajiriwa. Akanipa barua. Imeandikwa kwamba nimekuwa mwandishi mwaminifu wa mahojiano ya wataalamu. Saini, muhuri, tarehe. Nimeisoma mara tatu. Nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba, kisha nikaitoa nikaikunja upya, isije ikapata mkunjo katikati ya muhuri.

Tukaenda shuleni, Mhariri, Mama wa Vimondo na mimi. Mhariri alitaka kuona kwa macho yake kwa nini maswali yamekauka. Ni darasa la watoto hamsini na kitu, madirisha hayana vioo, mvua inarusha manyunyu kwenye madawati ya pembeni, na waliokaa huko wamezoea, wanafunika daftari kwa mkono bila hata kutazama. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Mwalimu aliwaita wawili mbele. Msichana mwenye sauti ya kukwaruza ndiye aliyesoma maneno ya Mama wa Vimondo, na Mama mwenyewe kakaa palepale anasikiliza. Walisoma vizuri. Hawakukwama hata mahali pamoja. Moyo wangu ulijaa, maana maneno yale niliyanyoosha mimi.

Wakamaliza. Mama wa Vimondo akasimama akawasalimia, wakaitikia kwa pamoja. Akauliza nani ana swali. Kimya. Akasema hata la kijinga, ya kijinga ndiyo anayoyapenda. Kimya. Akamgeukia yule msichana, akamwuliza, "Wewe uliyekuwa mimi. Huna hata moja?"

Msichana akatazama karatasi, akageuza nyuma kama yupo mtu aliyejificha huko. "Mama, majibu yote umeshatupa."

Hakuwa na ujeuri. Alikuwa anamshukuru.

Mama wa Vimondo aliomba karatasi. Akasoma akiwa amesimama, kidole kinatembea chini ya mistari. Nilikiona kidole kinasimama. Kikatembea. Kikasimama. Akaomba na karatasi za wiki za nyuma. Mwalimu akampa. Ilisikika mvua tu na watoto wanakwaruza miguu. Kisha akamwita Mhariri, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini darasa lilikuwa kimya na mimi nilisikia, "Mimi sikusema hivi. Nilisema sijui. Zimeenda wapi sijui zangu?"

Mhariri alishika ukingo wa meza ya mwalimu. Njiani kurudi alikuwa anaongea peke yake: ni kalamu yangu nyekundu, nilikuwa nakata kwa haraka, kurasa kumi na mbili ziingie nne, nilikata bila kuona. Mama wa Vimondo akasema basi tusikilize rekoda. Fundi alipoulizwa akakuna kichwa. Kadi za rekoda ni mbili tu, kila wiki anarekodi juu ya za wiki iliyopita. Hakuna sauti iliyobaki.

Kwa hiyo hakuna anayejua. Najua mimi peke yangu. Na barua iko kwenye mkoba.

Ijumaa, 16 Mei

Mhariri kanipa barua nichape, anawaandikia wafadhili. Anasema ameharibu masomo nane kwa uzembe wake wa kuhariri, ameweka uongo kwenye midomo ya wataalamu, na anaomba kazi hii apewe mtu mwingine. Aliiandika kwa mkono, mistari imepanda na kushuka. Nimeichapa. Makosa hakuna hata moja.

Nikamkabidhi. Akasema, "Asante, mwanangu." Hajawahi kuniita hivyo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefua. Hazikauki. Kila nikiinama kwenye beseni naona kidole cha yule mama kinasimama kwenye mstari.

Nimejiambia hivi: Mhariri ana shahada, ana jina, akianguka ataangukia mahali pa laini. Mimi nikianguka namwangukia Chiriku. Nimejiambia hivyo mara nyingi kiasi kwamba Chiriku kaniuliza naongea na nani.

Jumapili, 18 Mei

Ujumbe wa wifi: watakuja tarehe thelathini na moja, yeye na baba mkwe. Anauliza namba ya viatu vya mtoto. Nimekaa na simu mkononi. Kumbe ameshaanza kununua.

Jumatatu, 19 Mei

Nimesema.

Niliingia kabla Fundi hajafika. Mhariri alikuwa anabandika bahasha ya wafadhili. Mama wa Vimondo alikuwepo pia, kaja kuangalia kama yale masomo yanaweza kuokolewa, ana mwavuli miguuni unatiririsha maji. Nilitaka kuanza na salamu nikashindwa. Nikasema, "Si kalamu yako. Ni mimi. Nilizifuta kabla hazijakufikia."

Mhariri hakuelewa mara moja. Akaniuliza nimefuta nini. Nikamwambia zile sijui zote, zile labda zote, tunadhani, hatuna hakika. Nikasema, uliniambia nitoe takataka. Akaniuliza, pole pole, "Na wewe uliona hizo ni takataka?" Nikamwambia hapana. Niliona ni aibu ya wakubwa, nikaificha.

Alikaa. Alitazama ile bahasha aliyokwisha kuilamba. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, wala hakusema anataka nini. Nikafungua mkoba nikatoa barua nikamwekea kiganjani. Akasema hawezi kuacha neno mwaminifu juu ya saini yake, na kwamba ananionea huruma, na kwamba vyote viwili ni kweli. Nitamaliza mwezi nikisaidia kusahihisha. Baada ya hapo, basi.

Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Mama wa Vimondo ndiye aliyeniita. Akauliza kama naweza kukumbuka hata chache, zilikuwa wapi.

Nikamwambia nazikumbuka zote.

"Zote? Masomo nane?"

"Kila moja nilisimamisha rekoda nikaona haya. Mtu hasahau mahali alipoona haya."

Akacheka kidogo, si kwa dharau, akavuta karatasi. Akaniambia jambo ambalo nimeliandika ukurasa wa nyuma wa daftari pia, nisilipoteze. Alisema, pale nisemapo sijui ndipo mtoto anapoona pa kuingilia. Wewe uliwajengea nyumba nzuri haina mlango.

Jumatano, 21 Mei

Siku ya tatu tunarudisha. Mimi nasema ilikuwa hapa, baada ya neno bahari, na alinyamaza kwanza. Yeye anaandika. Tumefika kwenye labda ya tisini na nne. Bwana Pete kapigiwa simu akathibitisha zake, akasema ni kweli pete hazijulikani umri, na kwamba mke wake pia humlalamikia kwa labda. Fundi hatanii tena. Leo kaniletea chai, akaiweka mbali na karatasi.

Chiriku kashinda kwa mshonaji akilia. Sijui amehisi nini.

Ijumaa, 23 Mei

Karatasi za masahihisho zimekwenda shule zote ishirini. Juu kabisa Mhariri kaandika: Tuliwapa majibu ambayo hakuna mtu aliye nayo. Tusameheni. Someni tena.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imepungua. Nimeuliza kazi kwenye steshenari mbili na kwenye zahanati. Wote wanataka barua ya kazi niliyotoka.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya mwisho. Saa sita bahasha imeletwa, nikaipokea mimi mlangoni, na mikono yote miwili ilihitajika. Mhariri alikaa sakafuni. Baada ya kidogo Fundi akakaa. Mimi nilibaki nimesimama, maana sikujua kama bado nina haki ya sakafu ile. Mhariri akapapasa pale pembeni yake bila kunitazama. Nikakaa.

Maswali mia moja arobaini na matatu. Moja limeandikwa kwa herufi kubwa, limeandikwa na yule msichana wa sauti ya kukwaruza: KAMA HAMJUI MAJI YALITOKA WAPI, MIMI NIANZE KUTAFUTA UPANDE GANI? Mhariri alilisoma kwa sauti, kisha akaliangalia tu.

Nilingoja aseme kitu kuhusu mimi. Hakusema. Saa kumi nikavua hedifoni zangu nikaziweka mezani, nikakunja waya, nikashuka ngazi. Ile bahasha ya wafadhili ilikuwa ndani ya pipa la taka, imechanwa mara mbili. Hilo tu ndilo nililoondoka nalo.

Jumamosi, 31 Mei

Walifika saa nne, baba mkwe na fimbo yake na wifi na begi jipya la mtoto. Nilikuwa nimepanga nguo za Chiriku juu ya kitanda. Beseni niliacha katikati ya chumba.

Baba mkwe hapendi kuzungusha maneno. Kaniuliza kama nimepata barua. Nikamwambia niliipata na sinayo tena. Kisha nikaeleza yote, tangu takataka mpaka kiganja cha Mhariri. Ilichukua muda. Chiriku alikuwa anajaribu viatu vipya, anatembea navyo ukuta hadi ukuta.

Wifi akauliza, "Ungenyamaza ungekuwa na barua?"

"Ndiyo."

"Na sisi tungeiamini."

"Ndiyo, wifi."

Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine, kama imetoka chumba cha ndani. "Mdogo wangu alipolazwa, nilikupigia siku tisa. Siku tisa uliniambia anaendelea vizuri. Siku ya kumi nikapigiwa na jirani yako kwamba tuje tuzike. Basi lilikuwepo kila asubuhi. Ningepanda. Ningemkuta."

Ni kweli. Daktari aliniambia siku ya tatu kwamba hatapona. Kila wifi alipopiga nilimsikia anavyohema kwenye simu, nikasema nitamwambia kesho, leo nisimvunje. Nilidhani namwonea huruma. Mwaka mzima nimeamini wifi ananichukia kwa sababu mimi ni maskini.

Nikapiga magoti. Sikuwa na la kusema isipokuwa kwamba daktari aliniambia siku ya tatu. Nikalisema. Baba mkwe akaweka fimbo chini, akafunika macho kwa kofia yake. Wifi alilia bila sauti, mabega tu. Chiriku akasimama katikati na viatu vyake vipya akitutazama mmoja mmoja.

Kisha wifi akajifuta, akaanza kuzirudisha nguo za Chiriku kwenye kamba ya ukutani, moja moja, akizikung'uta.

Baba mkwe akauliza, "Na kazi?"

"Atatafuta," wifi akasema. "Tutaona muhula ujao. Kama atashindwa nitakuja na begi hili hili, na sitabisha hodi." Akanigeukia. "Kila Jumapili unipigie. Uanze na mabaya. Mazuri utayaweka mwisho, muda ukibaki."

Jumatano, 4 Juni

Steshenari ya tatu. Wamesema nirudi Jumatatu. Wanasema hivyo kwa kila mtu.

Jumapili, 8 Juni

Jua. Nimepiga simu saa nane, Chiriku kalala. Wifi alipopokea, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema tuko salama kabisa. Niliufunga. Nikaufungua upya.

Nikamwambia kazi sijapata, na Mhariri hajaniita. Nikamwambia dawa imekwisha na kikohozi kimerudi, jana mtoto katapika mara mbili. Nikamwambia mbao za paa upande wa mlango zimeoza. Nikamwambia juzi nilimpiga Chiriku kwa ajili ya kikombe kilichovunjika, halafu nikakaa chooni nikalia, na kwamba kuna asubuhi naamka sijui nitaanzia wapi.

Upande wa pili kimya. Nikadhani nimesema mengi mno, nikadhani anafungua begi. Kisha nikasikia droo inavutwa na vitu vinapapaswa ndani yake.

"Kikohozi ni kikavu au kinatoa makohozi?" akauliza wifi. "Sema pole pole. Nimeshika kalamu."